Kundi lenye miaka mia moja, na kasete niliyoifuta

Msomaji mpenzi, mbele ya kuanza habari ya mwezi huu, acha nikuungamie kosa langu.

Nyumbani kwetu katika kambi kulikuwa kasete moja ya dakika 60. Juu ya karatasi yake baba aliandika kwa biki ya bluu: «Korali ya kambi, Pasaka». Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini. Jioni alipotoka kazini alipenda kuketi mbele ya nyumba, radio juu ya kiti cha pili, akisikiliza kasete ile tu. Ndani yake kulikuwa sauti za watu waliokuja kutafuta kazi ya kasiterite kutoka pande zote: Wakumu, Warega, Wasongola, na wengine wa mbali zaidi. Kila watu walileta nyimbo zao na ginsi yao ya kupiga ngoma, wakaziweka pamoja. Kulikuwa ngoma, lokole, filimbi moja ya mwanzi, na mama mmoja aliyeitikia kwa sauti ya juu sana mpaka radio ilitetemeka.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Rafiki yangu alirudi kutoka Kindu na muziki wa Wenge Musica, na mimi nilitaka kuwa nao usiku ule ule. Sikuwa na feza ya kununua kasete tupu. Wewe uliyekuwa kijana wakati ule unajua dawa yake: unatafuna kipande cha karatasi, unaziba vile vitundu viwili vya mgongoni, na kasete inakubali kuandikwa upya. Nikafanya hivyo. Kesho yake jioni baba akaketi, akafinya kifungo, na Kinshasa nzima ikatoka katika radio.

Hakunipiga. Alisikiliza mpaka mwisho wa upande wa kwanza, halafu akanipa kasete mkononi. «Kaa nayo,» akasema. «Sasa ni yako.»

Mwaka wa 1997 SOMINKI ilikwisha. Vita ikapita, watu wakatawanyika, na wengi katika waimbaji wale wamekwisha kulala. Nimeuliza Punia, nimeuliza Kalima, nimeuliza Kindu. Hakuna mtu aliye na kasete nyingine.

Sasa unaelewa kwa sababu gani nilisimama njiani kama mtu aliyeitwa jina, siku moja nilipopita mbele ya mfanyabiashara mmoja wa Kasongo. Telefone yake ilikuwa ikilia muziki juu ya meza ya chumvi na sabuni: fidla nyingi kwa pamoja, na sauti ya mzee akiimba kwa Kiswahili, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kufika. Nikamwuliza, «Papa, hawa ni nani?» Akajibu, «Pasta, hawa ni Ikhwani Safaa wa Unguja. Kundi lao liko na miaka mia moja na zaidi.»

Miaka mia! Korali zetu ngapi zinamaliza hata miaka kumi bila kugawanyika?

Ndugu wa Unguja

Nimetafuta habari zao, na ninakuletea zile nilizozipata. Kundi hili lilianzishwa mjini Unguja mwaka wa 1905. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake ni ndugu wa usafi, ndugu wenye kupendana kwa moyo safi. Muziki wao ni taarab, na neno hilo nalo limetoka katika Kiarabu, kwa neno lenye maana ya kuguswa moyo na kufurahi. Hadisi ya mwanzo wake inasimuliwa hivi: Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri, akamtuma kijana mmoja jina lake Mohamed Ibrahim aende Kairo kujifunza kupiga kanuni. Kijana akarudi, akafundisha wengine. Nyuma ya miaka, muziki ukatoka katika jumba la sultani ukaingia mjini, na vijana wa mji wakaunda chama chao. Hao ndio Ikhwani Safaa.

Nitakueleza kanuni ni kitu gani, maana wengi wetu hatujaiona. Ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja umekatwa mshazari, na juu yake zimenyooshwa nyuzi zaidi ya sabini. Mpigaji anaiweka juu ya mapaja, anavaa vidude kama kucha katika vidole viwili, na anazidonoa. Pamoja nayo kuko udi, ambao ni kama gitare yenye tumbo kubwa na shingo fupi. Kuko fidla, kodiani, nai ambayo ni filimbi ya mwanzi, dumbaki ya kupiga kwa mikono, na lile fidla kubwa sana ambalo mtu analipiga akisimama.

Angalia vizuri orodha ile. Kanuni na udi vimetoka kwa Waarabu. Fidla na kodiani ni vya Wazungu. Mpigo wa ngoma, sehemu kubwa, ni wa Waafrika wenyewe. Lugha ni Kiswahili. Katika kundi lile kila chombo kilifika kikiwa mgeni, kikapewa mkeka, na leo hakuna anayekumbuka kukiuliza kimetoka wapi.

Na si kila mlango ulifunguka upesi. Mwanzoni chama kilikuwa cha wanaume tu, na nyimbo nyingi ziliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo watu wa mitaa ya maskini hawakuielewa. Aliyevunja ukuta ule kwa nguvu hakuwa mtu wa chama. Ni mwanamke, Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, mtoto wa wazazi wa ukoo wa watumwa, aliyeuza vyungu akitembea nyumba kwa nyumba na kuita wanunuzi kwa sauti yake. Mwaka wa 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, kule India, kuandikisha nyimbo zake kwa Kiswahili katika santuri. Alifariki 1950, na Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Leo katika Ikhwani Safaa wanawake wanasimama mbele na kuimba.

Kundi lilipata taabu zake pia. Nyuma ya mapinduzi ya Januari 1964 vyama vya muziki vya Unguja viliwekwa chini ya siasa, na kwa miaka mingi watu walijua Ikhwani Safaa kwa jina la Malindi, mtaa wao. Baadaye walirudisha jina la zamani. Wazee walikufa, wengine walihama, lakini mazoezi hayakukoma.

Basi mwaka wa 2005, miaka mia ilipotimia, wakatoa diske ya ukumbusho. Ilitolewa Paris na nyumba ya Buda Musique, ikawa ya kwanza katika mfululizo wa diske zinazoitwa Zanzibara, zilizosimamiwa na Mjerumani mmoja, Werner Graebner, aliyetumia miaka mingi kuandikisha muziki wa pwani. Ni hiyo niliyoisikia juu ya meza ya chumvi.

Neno la Maniema

Ninajua kuko msomaji ambaye sasa anataka kuniandikia: «Pasta, sababu gani unatusifia muziki wa sultani na wa harusi za Waislamu wa pwani? Hao si ndio waliokuja kutufunga minyororo?»

Swali ni la haki, na sitalikwepa. Kiswahili unachosoma katika ukurasa huu kilifika Maniema pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Nyangwe na Kasongo, palikuwa masoko yao. Tippu Tip alikaa Kasongo na kutawala huko, na mababu zetu wengi waliondoka kwa miguu bila kurudi. Mzee yule alikufa Unguja mwaka wa 1905, mwaka ule ule Ikhwani Safaa walipoanza. Nilipoona tarehe hizo mbili pamoja nilifunga daftari nikatoka nje kidogo.

Lakini fikiri jambo lingine. Watu wetu waliochukuliwa hawakuwa mawe. Waliimba. Walioa na kuzaa. Mpaka leo kuko Wamanyema Ujiji, Tabora, na Dar es Salaam, ambako msikiti mmoja wa Kariakoo unaitwa kwa jina lao. Wajukuu wa wale waliofungwa ndio walioingiza ngoma zao katika muziki wa mabwana mpaka muziki ule ukabadilika sura. Siti mwenyewe ni binti wa watu wa namna hiyo. Kwa hiyo ninaposikia taarab, ninaisikiliza kama mtu anayeingia katika nyumba ya jirani tajiri na kukuta kule kiti kilichochongwa na babu yake. Sitakiacha kiti kwa sababu ya nyumba. Wewe fanya unavyoona; siye wawili tunaweza kubishana mlangoni mwa kanisa.

Wazee waliowaita vijana

Kuko kundi lingine, mbali sana, ambalo nataka kuliweka kando ya hili, juu ya ginsi walivyofanya sikukuu yao. Katika Ireland, kisiwa kile kilicho magharibi ya Uingereza, mwaka wa 1962 mtu mmoja jina lake Paddy Moloney aliunda kundi huko Dublin, The Chieftains. Walipiga nyimbo za mababu zao tu, zile za vijijini ambazo vijana wa mjini waliona haya kuzicheza. Yeye mwenyewe alipiga zumari ya mfuko. Mfuko unajazwa pepo kwa kiwiko cha mkono mmoja, si kwa kinywa, na chini ya wimbo kuko sauti nene isiyobadilika, inayolia kama nyuki katika mzinga. Kuko pia kinubi, filimbi, fidla, na ngoma ya ngozi ya mbuzi.

Walipotimiza miaka 50, mwaka wa 2012, walitoa diske jina lake Voice of Ages, na wakaita wageni. Sikiliza waliwaita nani. Moloney alikuwa na miaka 73. Angeweza kuita wazee wenzake wenye majina makubwa, na aliwajua. Mwaka wa 1995 tayari alikuwa ameandikisha pamoja na Mick Jagger na Sting. Safari hii aliwaita vijana: Bon Iver, The Decemberists, Imelda May, Paolo Nutini, na Carolina Chocolate Drops, vijana Weusi wa Marekani waliokuwa wakifufua muziki wa mababu zao ambao wengi walidhani ni wa Wazungu tu. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati kundi lilipoanza. Mwamerika T Bone Burnett alisaidia kusimamia kazi.

Na mgeni mmoja alikuwa juu ya mawingu! Cady Coleman, mama Mwamerika, mwanasayansi, alikaa katika kituo cha anga toka Desemba 2010 mpaka Mei 2011. Alipanda huko na filimbi ya Matt Molloy wa kundi lile, na kifilimbi cha Moloney. Siku kuu ya Ireland, Machi 2011, alipiga huko juu akielea pasipo kugusa sakafu, na sauti ile ikawekwa katika diske ya miaka 50.

Hapa mtu wa Punia anisogelee karibu. Kifilimbi cha namna hiyo Waingereza wanakiita kwa jina la madini yetu. Viwanda vilianza kuvitengeneza kwa wingi Uingereza, karne ya kumi na tisa, kwa bati lililopakwa etaini, na etaini ni ile metali nyeupe inayotoka wakati kasiterite inapoyeyushwa. Sisemi kwamba kifilimbi kilichopanda angani kilitoka katika shimo la baba yako. Hata vingi vya leo ni vya shaba nyeupe au plastiki. Nasema tu kwamba watoto wa nchi ya mbali wamefundishwa kupiga muziki kwa chombo chenye jina la jiwe ambalo wewe unalibeba mgongoni katika mfuko na kuliuza kwa kilo.

Moloney alifariki Oktoba 2021. Zile nyimbo za vijana na yeye zimebaki.

Nani amfuate nani?

Sasa tuje katika jambo lenyewe, maana vijana wetu wananiambia kila mara: «Pasta, tutie gitare na piano ya umeme katika nyimbo za wazee, zitapendeza.» Na wazee wanajibu: «Mtaziua.» Nimewahi kuongoza mkutano wa namna hiyo toka saa nane mpaka giza. Tulimaliza pasipo wimbo na pasipo chai.

Nadhani pande zote mbili zina haki nusu. Muziki wa Kiarabu ulioingia katika taarab uko na sauti zinazosimama katikati ya sauti mbili za piano. Udi na fidla havina vyuma shingoni, kidole kinaweza kutelemka mpaka pale kinapotaka. Gitare iko na vyuma vyake. Piano iko na vifungo vyake. Mahali pale pa katikati havifiki. Mgeni wa namna hiyo akiingia kwa nguvu, wimbo wa mwenyeji unanyooshwa kama shati chini ya pasi, na lile lililokuwa tamu ndani yake linapotea. Zumari ya Moloney ni vile vile: ile sauti nene ya chini haihami, kwa hiyo mwimbaji kijana ndiye anayetafuta mahali pake juu yake.

Kwetu, mshike mpiga likembe umwulize. Yeye alitengeneza vyuma vya likembe yake kwa sikio lake, si kwa sikio la kiwanda. Ukitaka gitare icheze naye, legeza nyuzi za gitare mpaka zikubaliane na likembe. Usimwambie mzee agonge upya vyuma vyake. Hii si heshima tu, ni kazi ya sikio. Na usidhani likembe haiwezi kusimama mbele ya vyombo vya umeme: papa Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono Nº1 pale Kinshasa, alitengeneza mikro kwa sumaku za magari mabovu, akaunganisha na likembe, na diske yao Congotronics ya 2004 ilizunguka dunia. Alifariki 2015. Mzee yule hakungoja mtu amletee mashine.

Lakini wazee nao wanisikilize. Mlango ukifungwa sana, nyumba inabaki na panya. Unguja wameona jambo hili: toka 2002 kuko chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kinachofundisha vijana kanuni, udi na fidla, wavulana na wasichana pamoja, kwa sababu wapigaji wa kanuni walikuwa wamebaki wachache. Huko mzee anaketi kando ya mtoto na kuweka kidole chake mahali panapofaa. Mtoto anakosea, mzee anakohoa, wanaanza tena.

Korali ya parokia yetu itatimiza miaka 40 mwaka ujao. Kamati ilitaka kushona sare mpya na kuchinja ng'ombe. Sina neno juu ya ng'ombe. Nimeomba jambo moja zaidi, na walikubali nyuma ya maneno mengi: kwamba mbele ya sikukuu tuandikishe nyimbo za kwanza, wakiimba wazee waliobaki, na vijana wawe wageni wao.

Wamebaki wazee wanne. Mmoja haoni. Tunatumia telefone mbili, moja karibu na mwimbaji, nyingine mbali kidogo, ndani ya nyumba ya udongo yenye paa la majani, maana chini ya bati mvua na hata joto vinapiga kelele zaidi ya korali. Mwalimu wa vijana ameweka nguo nzito mlangoni. Kila wimbo unatunzwa mara tatu: katika telefone, katika kadi ndogo inayokaa kwangu, na katika kadi ya pili iliyopelekwa Kindu kwa mkono. Kijana anayeshika kadi zile ana miaka kumi na sita. Nimemweleza habari ya karatasi niliyoitafuna. Alicheka kwanza.

Juma lililopita tulimleta mama mmoja mzee sana, ambaye zamani aliitikia katika korali ya kambi. Sijui kama ni sauti yake iliyokuwa ikitetemesha radio ya baba. Nilimwuliza, akasema walikuwa watatu wenye sauti ya namna ile. Aliimba wimbo wa kwanza wote. Kijana wa gitare alitaka kuingia, mama akamwinulia kidole, naye akangoja. Mara ya pili akaingia polepole, na mama akaendelea huku macho yamefungwa. Katika wimbo wa pili alisimama katikati. Beti la mwisho limempotea. Anasema dada yake mdogo analijua, anaishi Kindu upande wa ng'ambo ya mto, na kwamba tusikawie, kwa sababu dada yule anaumwa miguu na kifua.

Pikipiki imepatikana. Wanaondoka siku ya tatu, kama barabara itakubali.